Sekunde Kumi na Moja

Saa nane usiku, Tbilisi, chumba cha chini ya ngazi
ambamo chuo kilikuwa kikihifadhi mapazia ya jukwaa.
Mabomba ya joto yamekufa. Nimevaa koti, nimevaa na kofia,
vidole tu viko uchi, kwa ajili ya vitufe.
Tinatin, mwenye filamu, amelala juu ya viti vitatu
na karatasi ya matawi imemfunika kama shuka:
mlango unagongwa: afungue, asifungue;
akifungua, amkumbatie mwanawe au amwulize alikokuwa;
asipofungua, na kadhalika, hadi miisho saba,
yote ya kwangu kuunga kabla ya Ijumaa.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nimeyazoa mara arobaini tangu jioni.
Chai ya Lamara inamwagika mezani, nabonyeza,
inarudi kikombeni na mvuke wake.

Kikombe hicho ndicho kilichonitoa jasho katika baridi hii.
Tawi la pili kimejaa, tawi la tano kimefika nusu,
na yeyote atakayetoka huku kwenda kule
ataona chai imejinywa.
Basi nikaivuta picha karibu, karibu zaidi,
mpaka kikombe kikatoka nje
ukabaki uso wake peke yake.
Sikukusudia. Uso uliingia kwa kosa la chai.

Lakini kuna jambo halimo katika karatasi ya Tinatin.
Mtazamaji akiwa njia panda, kidole hewani,
anawaza: picha nayo ifanye nini?
Ikiganda, ni picha ya kaburini.
Lazima ipumue. Nikapekua mabaki,
yale ya kabla ya "anza" na ya baada ya "kata",
nikapata sekunde kumi na moja
ambazo Lamara hakujua kamera bado iko macho:
anatazama mlango,
anazungusha pete,
anakohoa kidogo, kama anayeomba radhi,
anatazama tena mlango.
Nikaunga mwisho na mwanzo.

Tinatin akaamka. "Weka saa.
Wakichelewa, filamu iwachagulie."
Nikaweka. Mstari mwekundu chini ya kidevu cha Lamara,
unapungua kama utambi.

Alhamisi akaja mwenyewe na zabibu kavu mfukoni.
Si mwigizaji, ni fundi cherehani wa ghorofa ya nne,
miaka thelathini akipunguza suruali za watu;
sisi tulimlipa mikate miwili na ahadi.
Tukampa kidude cha kuchagulia. Mlango ukagongwa.
Hakubonyeza.
Akajitazama anavyozungusha pete. Akakohoa,
na yule wa kwenye skrini akakohoa baada yake.
Mstari ukaisha. Mlango ukafunguka.

"Nani kafungua?"
"Wewe, mama, kwa kuchelewa."
"Mimi sijachelewa. Nilikuwa bado nasubiri."

Akataka turudi. Tukarudi.
Mara ya tatu akainuka, akaweka ukucha juu ya kioo,
mahali ambapo darasa zima halikuona kitu:
"Hapa. Hapa umetia mshono. Pete imeruka."
Nikanyamaza kama mwanafunzi wake.
"Ungeunga kwenye kikohozi," akasema, akivaa glavu.
"Mtu akikohoa, nani anamtazama mikono?"

Usiku huu nimeunga kwenye kikohozi.
Nimeufuta na mstari mwekundu, na sijamwuliza Tinatin;
kesho atanigombeza mbele ya watu, na ana haki,
filamu ni yake, karatasi ni yake, miisho yote saba.
Asiyebonyeza atakaa na Lamara mpaka taa ziwashwe.

Zabibu zimebaki tatu. Naangalia kama pete inaruka.
Hairuki. Naangalia tena.
Mahali fulani ukutani maji ya moto yamerudi:
bomba likagonga, mara mbili,
nami, na koti langu na kofia yangu,
nikatazama mlango.